Taa ya injini inayofutwa ikarudi: mwongozo kamili kwa wenye magari Unguja na Pemba

Mwongozo huu ni kwa mtu ambaye taa ya injini ya gari lake imeshafutwa kwa mashine, ikapotea siku mbili tatu, kisha ikawaka tena. Au ameshanunua sensa (kifaa kinachoipimia kompyuta hali ya injini), pengine zaidi ya moja, na taa bado ipo. Maswali ninayoletewa juu ya jambo hili yanafanana, na watu wanakwama pale pale: wanaizima taa bila kutafuta kilichoiwasha.

Kompyuta ya injini hupima mambo mengi kwa pamoja: hewa inayoingia, joto la maji, moshi unaotoka, moto wa plagi. Kipimo kikivuka mipaka yake, huandika namba ya kosa na kuwasha taa. Namba hiyo haisemi "badilisha kifaa fulani". Inasema "hapa nimeona kisichokubalika, anza kupima hapa". Ukiifuta bila kupima, kompyuta italiona jambo lile lile na kuliandika upya. Makosa mengi lazima yaonekane katika safari mbili mfululizo ndipo taa iwake. Ndiyo sababu ukishafutiwa unapata siku chache za utulivu, ukadhani gari limepona.

Mifano yangu mingi ni ya Toyota ndogo kutoka Japani, Vitz, IST, Raum na wenzake, kwa kuwa ndizo tulizo nazo wengi. Utaratibu wenyewe unafaa kwa gari lolote la petroli lenye kompyuta.

## Kabla ya yote: taa inawakaje?

Taa ikiwaka imetulia na gari linakwenda vizuri, una muda. Unaweza kulitumia gari kwa upole huku ukifuata hatua hizi.

Taa ikimwekamweka huku injini ikitetemeka, huna muda. Maana yake silinda moja au zaidi hazichomi, na petroli mbichi inamiminika kwenye ekzosi, ambako inawaka na kuyayeyusha masega, yaani kisafisha moshi kilicho ndani ya ekzosi. Punguza mwendo, zima AC, tafuta pa kusimama. Usijaribu kulifikisha mjini kutoka Nungwi kwa kukanyaga mafuta.

Na ikiwa imeambatana na taa nyekundu ya oili, au geji ya joto inapanda, zima injini hapo hapo.

## Vifaa vya kuwa navyo

- Kifaa cha kusomea kompyuta aina ya ELM327, kile kidogo kinachochomekwa chini ya dashibodi na kuzungumza na simu. Cha bluetooth ya kawaida hufanya kazi na Android. Mwenye iPhone achukue cha Wi-Fi au kile kilichoandikwa wazi kuwa kinakubali iPhone. Nakala dhaifu zimejaa sokoni, khasa zilizoandikwa toleo 2.1, na nyingi hazisomi kila kitu. Mwombe muuzaji ukijaribu kwenye gari kabla ya kulipa.
- Programu ya simu kama Torque au Car Scanner.
- Mita ya umeme. Ya bei ndogo inatosha.
- Spana boksi namba 10, boksi la plagi (namba 16 kwa Toyota nyingi za umri huu, 14 kwa baadhi ya mpya), mpini wake wa kurefusha, na tochi.
- Dawa ya kusafishia soketi za umeme, na dawa ya kusafishia sensa ya hewa. Hizi ni chupa mbili tofauti. Moja haishiki nafasi ya nyingine.
- Mswaki wa zamani, msasa laini kwa ajili ya vichwa vya betri tu, na grisi ya silikoni.
- Daftari na kalamu. Mwenye daftari ana nafasi kubwa ya kumaliza kazi hii kuliko mwenye mashine ya bei mbaya asiyeandika.

## Hatua ya 1: Soma namba, andika, usifute

Zima gari. Chomeka kifaa kwenye tundu la pini 16 lililo chini ya dashibodi upande wa dereva. Washa swichi mpaka taa za dashibodi ziwake, bila kupiga stata. Unganisha simu, soma makosa.

Andika namba zote. Zipo zilizothibitika, na zipo zinazosubiri, ambazo programu huziweka chini ya neno Pending. Za kusubiri ni makosa yaliyoonekana safari moja na bado hayajawasha taa, nazo mara nyingi ndizo zinazoonyesha njia.

Kisha fungua sehemu iliyoandikwa Freeze Frame. Hapo kompyuta imehifadhi hali ya injini wakati kosa lilipoandikwa: joto la maji, mwendo wa gari, mizunguko ya injini, mzigo. Nakili kila kitu. P0171 (hewa nyingi, petroli kidogo) iliyoandikwa gari likiwa limesimama kwenye foleni ya Darajani na P0171 iliyoandikwa ukikimbia kilomita 80 kwa saa kuelekea Paje ni namba moja, lakini aghlabu si ugonjwa mmoja. Ukifuta, rekodi hii inapotea, na kuchomoa betri kunaipoteza vile vile. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo linalowapotezea watu pesa nyingi kuliko lolote: ushahidi unatupwa kabla haujasomwa.

Kifaa kisipounganisha. Magari mengi ya miaka ya 2000 yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana tundu la pini 16 lakini hayazungumzi lugha ya kimataifa ambayo ELM327 inaitarajia. Kifaa kinawaka, simu inasema haiipati kompyuta ya gari. Jaribu kwanza kuchagua aina ya gari ndani ya programu; baadhi zina chaguo la Toyota za Japani. Ikishindikana, nenda kwa fundi mwenye mashine inayosoma Toyota za Japani, mlipe kazi ya kusoma tu, na mwambie wazi kabla hajachomeka: "Fundi, nakuomba unisomee na nipige picha ya skrini. Usifute chochote."

Ipo njia ya kuunganisha pini namba 13 na namba 4 kwa kipande cha waya ili taa ya injini ihesabu kosa kwa kumweka. Inafanya kazi kwenye Toyota nyingi. Lakini pini namba 16 ya tundu hilo hilo ina umeme wa betri muda wote, na waya ukiigusa pamoja na namba 4 umetengeneza shoti. Asiyezijua pini hizo kwa yakini amwachie fundi umeme.

Umefanikiwa ikiwa una ukurasa wenye tarehe, kilomita za gari, namba zote, na hali ya injini kosa lilipotokea.

## Hatua ya 2: Betri na chaji

Kompyuta hupima kila kitu kwa umeme. Umeme ukiyumba, vipimo vyote vinayumba, na utapata namba za ajabu zisizohusiana.

Gari likiwa limelala usiku mzima, pima betri: volti 12.6 imejaa, chini ya 12.2 chaji imeshuka. Washa injini: mita isome kati ya 13.5 na 14.7. Washa taa kubwa na AC. Isishuke chini ya 13. Ikishuka, tengeneza alteneta au betri kwanza na usiguse kingine.

## Hatua ya 3: Soketi na nyaya za bodi

Miongozo mingi utakayoikuta kwenye intaneti inaliweka jambo hili mwisho. Visiwani liwe mapema, kabla hujanunua hata plagi moja.

Hewa yetu ina chumvi. Wa Jambiani na Makunduchi anaipata mchana na usiku. Wa Fuoni anaipata kidogo kidogo, lakini anaipata. Unyevu wa masika unaingia kwenye soketi, chumvi inashika, shaba inaota ukungu wa kijani. Sensa inakuwa nzima kabisa, lakini umeme wake mdogo unapotea njiani, na kompyuta inasoma uongo. Mwenye gari ananunua sensa mpya. Katika kuichomeka, pini zinasuguana, zinashika, taa inakaa wiki tatu. Halafu inarudi, na muuzaji analaumiwa kwa sensa "feki" ambayo pengine haikuwa na kosa.

Kuosha injini kwa mashine ya presha kunaongeza balaa, na zaidi kama maji ni ya kisima cha pwani yenye chumvichumvi. Injini ifute kwa kitambaa.

Fanya hivi:

Zima swichi, toa ufunguo. Ondoa waya wa hasi wa betri kwanza. Utakuwa wa mwisho kurudishwa. Hakikisha umeshanakili kila kitu cha Hatua ya 1, maana hapa kumbukumbu inafutika.

Safisha vichwa vya betri kwa msasa hadi ving'ae. Fuata waya mweusi kutoka hasi ya betri hadi unapofungwa kwenye bodi ya gari, kisha ule unaotoka kwenye bodi au betri kwenda kwenye injini yenyewe. Fungua boliti, safisha pande zote mbili hadi chuma kionekane, funga kwa nguvu, pakaa grisi kidogo juu.

Kisha soketi, moja moja: sensa ya hewa kwenye boksi la filta, sensa ya joto la maji, koili (zinazozipa plagi umeme), throto (mlango wa hewa wa injini), na sensa za oksijeni unazozifikia ekzosi ikiwa imepoa. Bonyeza kikufuli cha plastiki, vuta soketi yenyewe, usivute waya. Mulika tochi ndani. Ukiona kijani, weupe wa unga, au pini iliyorudi nyuma, umepata kitu. Pulizia dawa ya soketi, sugua taratibu kwa mswaki, acha ikauke, rudisha hadi usikie mlio wa kufunga. Grisi ya silikoni ipakwe nyembamba kwenye mpira wa kuzuia maji. Usiijaze kwenye pini. Msasa usiguse pini za soketi: baadhi zina tabaka jembamba la dhahabu, ukilikwangua umefungulia kutu mlango.

Onyo kuhusu nyaya. Mafundi wengine hutoboa ngozi ya waya kwa sindano ili kupima. Kila tundu hilo ni njia ya chumvi. Na waya uliokatika uunganishwe kwa risasi ya kuyeyusha (solda) na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa moto. Ule wa kusokota na kuzungushia tepu hapa kwetu hauishi.

Rudisha betri, washa injini, washa taa na AC. Weka mita kwenye volti: ncha moja kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Isome chini ya 0.2. Ikizidi, waya wa bodi bado mbovu hata kama unang'aa kwa nje.

Halafu tikisa. Injini ikiwaka, ukitazama vipimo kwenye simu, tikisa kila soketi na kila mshipi wa nyaya kwa mkono, mbali na mikanda na feni. Kipimo kikiruka au injini ikakohoa, umeshapafikia penyewe.

Umefanikiwa ikiwa hakuna kipimo kinachoruka unapotikisa, na volti za bodi ni ndogo. Futa namba sasa, endesha siku chache. Magari mengi ya pwani yanaishia hatua hii.

## Hatua ya 4: Fuata namba yako

Taa ikirudi, soma tena. Sasa namba ina maana zaidi kwa sababu umeme umeshausafisha. Shughulikia chanzo kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitu vitatu pamoja hutojua kipi kilikuwa kibovu, na kikirudi hutojua pa kuanzia.

### P0171: hewa nyingi, petroli kidogo

Hii ndiyo inayozungusha watu kuliko zote, na ndiyo inayopimika vizuri kuliko zote.

Kwenye vipimo tafuta Long Term Fuel Trim. Ni asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili mchanganyiko ukae sawa. Kati ya −10 na +10 ni kawaida. Ikiwa juu ya +20, kompyuta inahangaika kuongeza petroli. Swali ni kwa nini, na jibu linapatikana kwa kulinganisha hali mbili. Pasha injini moto. Soma gari likiwa kwenye sailensa, yaani limewaka bila kukanyagwa mafuta. Kisha shikilia mizunguko 2500 kwa nusu dakika, usome tena, ukijumlisha na kile cha Short Term, yaani marekebisho ya papo hapo.

Ikiwa asilimia ni kubwa kwenye sailensa na inashuka kwenye 2500, kuna hewa ya wizi: inaingia baada ya sensa bila kuhesabiwa. Kagua bomba la mpira kati ya filta na throto; likunje kwa mkono, maana mipasuko hujificha kwenye mikunjo. Kagua mipira midogo ya hewa nyuma ya injini, na ule wa kupumulia oili, ambao hukauka na kupasuka kwa joto. Maji kidogo ya kupuliza kuzunguka gasketi ya manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) yatabadilisha mlio pale penye tundu. Yaepushe na koili. Wapo wanaotumia petroli au dawa ya kabureta kwa kazi hii juu ya injini ya moto. Usifanye. Gari linaweza kushika moto mikononi mwako.

Ikiwa asilimia ni ya wastani kwenye sailensa na inapanda ukiongeza mizunguko au ukiendesha, sensa ya hewa inasoma pungufu au petroli haifiki ya kutosha. Anza na sensa. Vumbi jeupe la barabara zetu za mawe ya matumbawe linapenya filta duni na kushika kwenye waya mwembamba wa sensa. Zima gari, toa sensa, ipulizie dawa yake maalumu, usiuguse waya kwa kidole wala pamba, acha ikauke robo saa. Kwa injini ya lita 1.5 iliyopata moto, ikiwa sailensa na AC imezimwa, kipimo cha hewa huwa karibu na gramu 2 kwa sekunde. Weka filta mpya. Filta ya kupulizwa na kurudishwa mara kwa mara huwa imeshatoboka bila macho kuona.

Kama sensa ni safi na hali haijabadilika, presha ya petroli ipimwe na fundi mwenye geji. Kwa injini ya 1NZ ya IST au Raum, itafutwe PSI 44 hadi 50. Ikiwa chini, ni filta ya pampu au pampu yenyewe. Jiulize pia ulikojaza. Petroli ya madumu na chupa za njiani wakati mwingine huja na maji: iweke kidogo kwenye chupa nyeupe ya kioo, mbali na moto, itulie, maji yatakaa chini na mstari utauona.

Umefanikiwa ikiwa asilimia zimerudi ndani ya 10 katika hali zote mbili.

### P0300 hadi P0304: silinda haichomi

Tarakimu ya mwisho ni silinda. P0302 ni silinda ya pili. P0300 ni zaidi ya moja, bila mpangilio.

Kwa namba ya silinda moja, jaribio ni la bure. Injini ikiwa imepoa, toa koili ya silinda yenye kosa na ya jirani, zibadilishane nafasi. Futa, endesha. Ikiwa P0302 imegeuka P0301, koili ndiyo mbovu, nunua moja. Ikiwa imebaki P0302, rudia kwa plagi. Ikibaki bado, ni nozeli (kinyunyizio cha petroli) au mgandamizo wa silinda, na hapo fundi anahitajika.

Ukitoa koili, angalia kisima cha plagi. Oili ndani yake ni gasketi ya kava ya juu. Maji ni uoshaji wa injini. Plagi mpya izungushwe kwa vidole mpaka ikae, kisha takriban nusu mzunguko kwa spana. Kichwa cha injini ni alumini. Ukilazimisha plagi kwenye injini ya moto unaharibu uzi wake.

### P0125 na P0128: injini haipati moto

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu tatizo tunalitengeneza wenyewe. Gari likichemsha mara moja, themostati hutolewa na kutupwa, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto na haihitajiki. Hoja hiyo si sahihi. Themostati ipo ili injini ifikie joto lake haraka na kubaki hapo. Bila hiyo maji yanazunguka muda wote, injini inakwenda baridi kwenye barabara ndefu, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga petroli. Unalipia kila unapojaza tangi. Plagi zinakuwa nyeusi, masega yanaziba, na namba nyingine zinafuata.

Kabla ya kuendesha asubuhi, linganisha joto la maji na joto la hewa inayoingia; gari lililolala lazima visomeke karibu sawa. Vikipishana sana, sensa mojawapo inadanganya. Joto likisomeka nyuzi −40, waya umekatika au soketi haijashika. Kisha endesha ukitazama: maji yapande hadi 80 na kitu, na yakae kati ya 80 na 95 hata ukiwa kwenye mwendo. Yakishuka hadi 60 barabara ya wazi, themostati haipo au imekwama wazi.

Weka mpya yenye joto la kufungukia lililoandikwa kwenye ile ya asili, na ujaze kulanti, si maji ya kisima. Kama gari lilikuwa likichemsha, sababu iko kwenye rejeta, feni, pampu ya maji au kifuniko; itafutwe huko. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa moto kwa hali yoyote.

### P0420: masega hayafanyi kazi

Usianze kwa kununua masega. Anza kwa kuuliza kama yapo. Mengi hukatwa na kuuzwa kwa ajili ya platinamu, paladiamu na rodiamu yaliyomo, na mwenye gari akabaki na bomba tupu.

Kama yapo, maliza kwanza P0171 na makosa ya silinda, kwa sababu ndiyo yanayoyaua. Kisha sikiliza uvujaji wa ekzosi penye maungio yaliyoliwa na kutu: hewa ya nje ikiingia hapo inaidanganya sensa. Mwisho, tazama sensa ya oksijeni ya nyuma gari likiwa moto kwenye mizunguko 2500. Masega mazima huifanya itulie, kwa kawaida juu ya volti 0.5. Ikipanda na kushuka haraka haraka baina ya 0.1 na 0.9, masega yamekwisha.

### P0135 na P0141: kipasha joto cha sensa ya oksijeni

Angalia fyuzi. Angalia soketi. Kisha chomoa sensa ikiwa baridi na upime ohm kati ya nyaya mbili za rangi moja. Mita ikisema waya umekatika, sensa imekufa na unaweza kuinunua ukiwa na uhakika.

### P1349, P0011

Oili kwanza. Imepungua? Imezeeka? Ni nzito kuliko inavyotakiwa? Badilisha oili na filta, safisha valvu ya VVT-i (mfumo unaopanga muda wa kufunguka kwa valvu za injini kwa presha ya oili) na chujio lake dogo. Mengi huishia hapo.

### P0335 na P0340

Sensa za krenki na kamshafti. Gari huzimika ghafla, hukataa likiwa moto, huwaka likipoa. Soketi zake huloa oili; zikague, kisha ndiyo ununue.

## Hatua ya 5: Kununua spea

Kwa aliye Pemba hatua hii ina uzito zaidi, kwa sababu spea ikibidi iagizwe Unguja au Dar es Salaam, ikaja na boti, kumbe siyo, umepoteza nauli na siku. Peleka namba ya bodi, si jina la gari. IST ambayo namba yake ya bodi inaanza na NCP60 ina injini ya 1300 na ya NCP61 ina ya 1500. Muuzaji akisikia "IST" tu atakupa anachokiona mbele.

Nenda na kifaa cha zamani mkononi, linganisha namba zilizochapwa, idadi ya pini na umbo la soketi. Sensa ya oksijeni iliyotumika siipendekezi kabisa, kwani huzeeka kwa matumizi na hujui imeshatembea kiasi gani. Koili au sensa ya hewa iliyotolewa kwenye injini ya Kijapani inaweza kuwa bora kuliko mpya ya nakala, ikiwa muuzaji anakubali kurudishiwa. Kubalianeni hilo kabla ya pesa kubadilisha mkono.

## Hatua ya 6: Futa, kisha thibitisha

Sasa ndiyo wakati wa kufuta. Ukifuta, kompyuta inaanza upya majaribio yake yote, na programu itaonyesha kwenye sehemu ya Readiness kuwa mengi hayajakamilika. Taa kutowaka wakati huo si ushahidi wa kitu.

Safari za kutoka Amani hadi sokoni na kurudi hazitoshi kuyakamilisha. Gari liwashwe asubuhi likiwa baridi, liachwe dakika chache, kisha liende safari moja ya mwendo wa utulivu: Mjini hadi Paje na kurudi, au Mkoani hadi Wete. Uwepo mwendo wa kudumu kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa pale panaporuhusiwa, na kupunguza mwendo mara kadhaa kwa kuachia mafuta bila kukanyaga breki ghafla. Rudia siku ya pili na ya tatu. Abiria ashike simu. Dereva atazame barabara.

Umefanikiwa ikiwa majaribio yamekamilika, orodha ya Pending ni tupu, asilimia za petroli ziko ndani ya 10 na joto la maji limetulia. Mambo yote manne, si moja.

Na ukitengeneza bila kufuta, taa itajizima yenyewe baada ya safari tatu safi mfululizo. Namba hubaki kwenye kumbukumbu mpaka injini ipashwe moto kama mara 40 bila kosa kurudi. Asiye na haraka anaweza kuiacha ijizime. Ni kipimo kizuri.

## Ikirudi tena

Soma, andika, linganisha na ukurasa wa kwanza. Namba ile ile katika hali ile ile: chanzo hakijaguswa. Namba ile ile katika hali tofauti, kwa mfano zamani ikiwa sailensa na sasa kwenye mwendo: ulitengeneza kimoja kati ya viwili. Namba mpya kabisa: rudi Hatua ya 3 kwanza, kwani huenda soketi uliyoigusa haikufungwa vizuri.

Ukifika pa kumhitaji fundi, mpelekee daftari. Maneno yawe kama haya: "Fundi, linatoa P0171 likiwa kwenye mwendo, kwenye sailensa halina neno. Sensa ya hewa nimeisafisha, mipira nimeikagua, bodi imesoma 0.1. Nakuomba unipimie presha ya petroli kabla hatujabadilisha kitu." Fundi mzuri atafurahi, kwa kuwa umemwokolea nusu ya siku. Anayekataa kupima na kutaja spea papo hapo, mshukuru na uondoke kwa heshima.

Kabla kazi haijaanza, kubalianeni mambo mawili: spea iliyotolewa unarudishiwa, na sehemu ya mwisho ya malipo inatoka baada ya safari ya majaribio, simu ikiwa imechomekwa.